Kifuniko cha Saa Kumi

Siku ya kwanza Kambi alikula sabuni. Siku ya pili akala kiatu cha kanisa cha Zilpah, cha kulia, akaacha cha kushoto kikiwa kizima kabisa, sijui alitaka mwenyewe aende ibadani akiruka kwa mguu mmoja. Siku ya tatu aling'oa kitalu kizima cha miche ya tumbaku, mche baada ya mche, kwa utulivu wa mtu aliyelipwa kibarua. Zilpah alipotoka jikoni na mwiko mkononi akaona ile miche imelala juani, hakupiga hata kelele. Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akashika tama.

"Mungu wangu," akasema, "nimejiletea nini?"

Na kweli alijiletea mwenyewe. Ilikuwa mwaka wa tisini na sita. Mafundi wa barabara walikuwa wamepiga kambi njia ya kutoka Ntimaru kwenda Kegonga, wakakaa miezi minane. Asubuhi moja wakakunja mahema, wakapakia mashine, wakaenda zao, na mbwa wao kijana wakamwacha amefungwa kwa waya kwenye kigingi. Siku nne alikaa pale. Watu walipita wakienda sokoni, wakasema maskini, wakaendelea na safari. Zilpah naye alipita, akasema maskini, akaendelea. Siku ya nne alirudi na koleo la kuazima, akaukata ule waya. Unajua shukrani aliyopewa? Mbwa alimwangusha chali, akamlamba uso wote, akalinyakua koleo na kutokomea nalo mahindini. Mpaka leo koleo la watu halijaonekana.

Alikuwa na umri wa miezi saba au minane, ule umri ambao miguu imeshakuwa ya mtu mzima na akili bado iko njiani inakuja. Sikio moja lilisimama, jingine lilijilalia. Zilpah akampa jina la Kambi kwa sababu ndiko alikomtoa.

Lakini tusidanganyane, hakumchukua kwa huruma tupu. Alihitaji mbwa, tena alimhitaji vibaya. Mumewe, Gisiri, alikuwa fundi wa mawe huko Homa Bay, akija nyumbani mwisho wa mwezi, na mwezi mwingine asije. Nyumbani alibaki Zilpah na ng'ombe watatu: Mataro, yule mkubwa mwenye pembe moja iliyopinda, na mabinti zake wawili. Maziwa yao ndiyo yaliyomweka Scovia, mtoto wao wa pekee, shule ya bweni. Na msimu ule wezi wa ng'ombe walikuwa hawalali. Maboma mawili ya jirani yalikuwa yameamka zizi likiwa wazi na nyayo zikielekea mpakani.

Hapo ndipo Gichana alipopata mdomo. Huyu Gichana ni ndugu mkubwa wa Gisiri, mtu wa tumbo na maneno mengi. Alikuja na Mzee Kerosi, mzee wa kijiji, akasimama katikati ya boma akiwahesabu ng'ombe wa mwenzake kwa macho.

"Shemeji," akasema, "boma bila mwanaume na bila mbwa ni duka bila mlango. Hizo ng'ombe zije kwangu nizitunze, mpaka ndugu yangu arudi."

Kutunza! Zilpah alisikia damu ikimpanda. Mwaka juzi Gichana alimchukua mtamba mmoja wa boma hili amtunze. Baadaye akasema mtamba amezaa na ndama amekufa. Baadaye akasema na mama yake anaumwa. Baadaye akaacha kusema. Ng'ombe wakiingia kwa Gichana wameingia, na Zilpah alijua wakienda hawa watatu, Scovia angerudi nyumbani muhula huo huo.

"Mbwa ninaye," Zilpah akajibu, na wakati huo mbwa mwenyewe alikuwa amelala chali miguuni pa Gichana, anataka kukunwa tumbo.

Gichana alicheka mpaka akakohoa. "Hii? Hii ni mbwa ama ni mtoto wa shule ya chekechea?"

Mzee Kerosi hakucheka. Alikuwa mzee wa maneno machache, na kama una shauri yeye ndiye wa kumpelekea. Akasema, "Mpe mwezi mmoja amfundishe. Jumamosi ya mwisho, wewe Gichana utakuja mwenyewe mchana kweupe uwatoe ng'ombe. Ukivuka nao kijito pale chini bila mbwa kukuzuia, wakae kwako. Ukishindwa, usilete tena hayo maneno."

Wakakubaliana. Mwezi mmoja! Samaki mkunje angali mbichi, sawa, lakini samaki huyu alikuwa anakunja mkunjaji.

Zilpah alianza na kamba ya katani. Akamfunga getini ajifunze kwamba mahali pake ni pale, akaingia ndani. Kutoka tena, kamba imeliwa na mbwa yuko juu ya paa la kibanda cha kuku. Akaleta kamba ya pili, ikaliwa. Ya tatu hakuila, alivuta tu mpaka kigingi kikang'oka, akazunguka boma zima akikiburuta kigingi nyuma yake na kuku wakikimbia kila upande. Akamfundisha kubweka wageni wakija. Yaani mwanamke mzima, mke wa mtu, alipiga magoti nyuma ya ua akabweka, ili mbwa aone inavyofanywa. Kambi alimtazama kwa makini sana, kichwa kimeinama upande mmoja. Halafu akaja mchuuzi wa mitumba, na Kambi akampokea mpaka getini, akamsaidia mzigo, maana suruali moja ilibaki.

"Wewe ni mjinga!" Zilpah alimfokea. "Mjinga kabisa! Kila mtu kwako ni mjomba!"

Siku moja hasira ilimzidi, akamchapa na mwiko. Mara moja tu. Mbwa hakulia. Alijilaza chini bapa kama ngozi iliyoanikwa, akatambaa kwa tumbo mpaka kwenye miguu ya yule yule aliyempiga. Zilpah alikwenda kuuosha mwiko ambao haukuwa mchafu, na tangu siku hiyo hakumpiga tena. Alibaki na kelele tu, na kelele Kambi aliziona kama mazungumzo.

Jirani yake, bibi Nyanchoka, ndiye aliyemletea dawa. "Mama Scovia, wewe unahangaika bure," akasema. "Mbwa hafundishwi kwa mdomo. Chukua tonge la ugali, liweke kwapani toka asubuhi, ulime nalo, lilowe jasho lako. Mchana mpe kwa mkono wako. Siku nne. Akishakula jasho lako hamjui mtu mwingine. Ila mtu mwingine asimlishe, hapo utakuwa umeharibu."

Zilpah alikuwa mtu wa kanisa na alijisikia vibaya kidogo, lakini maji yalikuwa yamezidi unga. Akatia tonge kwapani, la kushoto, akalima mahindi mkono umebana ubavuni, wapita njia wakimuuliza kama amevunjika. Mchana akamwita mbwa. Kambi alinusa tonge, akamtazama mama mwenye kwapa, akalichukua taratibu kwa meno ya mbele, akaenda akalifukia nyuma ya choo. Siku ya pili, vivyo hivyo. Siku ya nne kulikuwa na makaburi manne nyuma ya choo, yamepangwa kwa mstari.

"Hana njaa," Nyanchoka akasema, akikuna kidevu. "Kuna mahali anakula."

Na kweli mdomo wa mbwa ulinuka omena, wale dagaa wa ziwani. Zilpah hakuwa amepika omena mwezi mzima. Akadhani anaiba kwa majirani, akazunguka nyumba baada ya nyumba kuomba msamaha, na kila nyumba ikamwambia hapana, hapa hajafika. Alirudi na aibu na hasira nyingine juu ya ile ya jana.

Lakini lililomkera kuliko yote ni la saa kumi. Kambi hakuwa akiitika jina, kwa hiyo jioni Zilpah akitaka kumlisha ukoko na maziwa ya chini ya mtungi, alikuwa akigonga kifuniko cha sufuria kwenye jiwe la kusagia. Kwa! Kwa! Kwa! Hilo alilishika siku moja tu, tena awe na njaa asiwe na njaa. Tatizo ni kwamba hakuja peke yake. Alikuwa anakwenda kwanza malishoni, anazunguka nyuma ya Mataro, anamng'ata kisigino, na ng'ombe wote watatu wanarudi nyumbani mbio, mikia juu, saa kumi kamili, jua bado liko juu na majani bado yapo! Wameshiba nusu. Maziwa yakapungua. Zilpah alijaribu kugonga polepole, akajaribu kugonga ndani ya nyumba, wapi. Halafu Kambi akishawaingiza ng'ombe, bado hali chakula. Anamfuata Zilpah alipo, awe kisimani, awe shambani, anauma pindo la leso na kumvuta mpaka jikoni. Leso mbili zilikwisha kuchanika. Ni wote wakishakuwa ndani ya boma ndipo anapoinamisha kichwa kwenye bakuli.

"Kichaa," Zilpah alimwambia. "Nimeokota kichaa."

Wiki ya mwisho alikuja mjumbe kutoka Homa Bay na habari kwamba Gisiri hatakuja mwezi huu, kazi imembana. Zilpah alikaa kizingitini na ile habari kifuani, akamwona Kambi anakuja na tope, akasema leo hapana, leo usinijie. Mbwa akaja. Akaweka kidevu chake juu ya mguu wa Zilpah, kizito, chenye maji, akashusha pumzi. Zilpah alilia kidogo. Kisha akagundua kwamba mbwa anatafuna kidole cha kandambili, akainuka akimtukana.

Jumamosi ikafika. Gichana alikuja saa nane, kofia kichwani, viatu vya tairi, zile akala, mguuni, fimbo mkononi, na Mzee Kerosi nyuma yake kama shahidi. Kambi akawapokea getini kwa furaha ya mtu aliyetembelewa na ndugu kutoka mbali. Alimrukia Gichana, akanusa mfuko wa koti lake, akanusa tena. Gichana akampapasa kichwa.

"Unaona, Mzee? Ameshanizuia," akasema, akacheka.

Kama angewatoa ng'ombe saa ile ile, hadithi ingeishia hapo na mimi nisingekuwa na la kusimulia. Lakini Gichana alisikia kuku wakilia, na tumbo lake likawa na maoni. "Shemeji, mimi sijala toka asubuhi. Hata kama tuna shauri, mgeni hazungumzi na tumbo tupu. Ama kwenu siku hizi mmeacha?"

Zilpah angefanya nini? Kumnyima mgeni chakula mbele ya mzee wa kijiji ni kujitia aibu mwenyewe. Akachinja jogoo wake mmoja wa maana, akampika akiwa anauma meno, akasonga ugali, akaleta maji ya kunawa. Kuku wa kienyeji haivi upesi, hata ukimlaani. Kilipofika chakula mezani, firigisi ilikuwa juu, imewekwa mbele ya Mzee Kerosi kama ilivyo desturi, maana firigisi ni ya mkubwa aliyepo. Gichana akanyoosha mkono, akaichukua, akaitia mdomoni, akaendelea kuongea. Mzee Kerosi aliangalia pale firigisi ilipokuwa. Alichukua shingo, akala.

Gichana akala mapaja yote mawili, akajifuta mikono, akaomba chai. Akanywa. Ndipo akasimama.

"Haya. Twende kazi."

Ng'ombe walikuwa wamerudishwa zizini kwa shughuli hiyo. Gichana akaondoa magogo ya mlango moja moja, akimwangalia Zilpah kila anapotupa gogo. Kambi alikuwa kando yake, mkia unapepea. Gichana akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa omena wa kukaanga, akamtupia.

Zilpah akaelewa yote kwa mara moja. Mdomo ule wa omena! Shemeji yake mwenyewe alikuwa akipita nyuma ya ua kila siku kumlisha mbwa, huku yeye akitembea na ugali kwapani kama mgonjwa. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Mkono mtupu haulambwi, shemeji," Gichana akasema kwa upole wa kuudhi. "Wewe ulimpa jasho, mimi nilimpa samaki."

Akawatoa. Mataro mbele, mabinti nyuma, Gichana akipiga mluzi, na Kambi akitembea pembeni kama mtu anayesindikiza wageni. Hakubweka hata mara moja. Boma la Zilpah liko juu ya mteremko, kijito kiko chini, na kutoka mlangoni pa jiko unaona njia yote. Alisimama pale na sufuria ya wageni na kifuniko chake mikononi, akaona pembe iliyopinda ya Mataro ikishuka, ikishuka. Akamwona Scovia amebeba sanduku la bati anarudi nyumbani. Akaona mwezi mzima wa kamba, wa kubweka nyuma ya ua, wa leso zilizochanika, wa kuomba msamaha kwa wizi ambao haukuwepo.

"Mbwa wewe!" akapiga kelele. "Nilikukata waya! Mimi! Si yeye!"

Na kwa hasira akakitupa kile kifuniko kwa nguvu zake zote. Hakulenga kitu. Kiligonga jiwe la kusagia, kikaruka, kikagonga tena, kikazunguka juu ya jiwe kikilia mpaka kikatulia.

Kule chini Kambi aligeuka. Sikio lililolala likasimama.

Mataro alikuwa ameshaingiza miguu ya mbele majini. Kambi alipita kwa mbele, maji yakaruka, akazunguka nyuma yake, akamng'ata kisigino. Mataro alijua kazi hiyo, ilikuwa ya kila siku. Akageuka na pembe yake, mabinti wakageuka, na Gichana aliyekuwa amesimama katikati ya njia na tumbo lililojaa kuku akajikuta anatazamana na ng'ombe watatu wanaopanda mlima mbio. Aliruka kichakani. Fimbo ikaenda kwake, kofia ikaenda kwake.

Zilpah hakuwahi hata kufikiri. Aliachia sufuria, akakimbilia zizini, akasimama kando ya mlango. Wakaingia wote watatu wakihema, na mbwa nyuma yao. Akarudisha magogo.

Basi Kambi akatazama huku na huku. Ng'ombe, wapo. Zilpah, yupo. Mzee Kerosi kwenye kigoda chake, yupo. Akatazama chini ya mteremko, ambako Gichana alikuwa anatoka kichakani akijipangusa, na akashuka tena, kasi kuliko mwanzo.

"Mshike! Shemeji, mshike mbwa wako!" Gichana alipiga ukelele. Kambi alimkamata kwenye mguu wa suruali, akakaza meno, akavuta. Gichana akavuta upande wa kijito, mbwa akavuta upande wa mlima. Kitambaa kilipasuka kwa sauti iliyosikika mpaka juu. Gichana akavuka kijito bila ng'ombe, bila fimbo, bila kofia, na bila akala moja, akapotea kwenye mashamba ya ng'ambo akiita watu.

Majirani walikuwa wameshatoka. "Huyo ni mbwa au ni chui?" mmoja akauliza.

Gichana alirudi baadaye kidogo, lakini hakuvuka. Alisimama ng'ambo akapaza sauti, "Mzee, ng'ombe aliingia majini! Nilikuwa nimeshavuka!"

Mzee Kerosi aliinuka taratibu kwenye kigoda. Alipitisha ulimi kwenye jino lake kama mtu anayetafuta kitu alichonyimwa.

"Kulowesha kwato si kuvuka," akajibu. "Na mbwa amekuzuia, wote tumeona. Nenda ukabadilishe suruali."

Watu waliangua kicheko. Mzee akamuaga Zilpah, akasema ng'ombe wakae walipo, na kwamba atawaambia wazee wengine mbwa wa boma hili si wa kuchezewa. Nyanchoka alimkonyeza Zilpah akapapasa kwapa lake la kushoto. Kufikia jioni habari ilikuwa Kegonga, kwamba mke wa Gisiri ana mbwa aliyemla mtu.

Zilpah hakumsahihisha yeyote. Alimwaga ukoko kwenye bakuli, na mchuzi wa jogoo uliobaki, wote, akamwita. Kambi alikuja na ile akala ya Gichana mdomoni, akaiweka kando ya bakuli kwa uangalifu. Lakini hakula. Alikwenda mpaka getini, akakaa, akatazama chini kwenye kijito. Akamgeukia Zilpah, akatazama tena kijito.

Zilpah alimwangalia, na polepole akaelewa ni nini kilichotokea mchana ule. Hakukuwa na kumzuia mtu wala kumfukuza mtu. Kifuniko kimelia, chakula kimeiva, na kuna mmoja ambaye amebaki nje. Kambi mwenyewe aliwahi kuachwa kwenye kigingi siku nne, watu wakipita na kusema maskini. Alikuwa amemwendea Gichana kumwita aje kula.

Akaenda akakaa chini pale getini, kwenye vumbi, na leso yake nzima ya mwisho, akamshika yule mbwa shingoni.

"Huyo hatakuja," akamwambia. "Tumeshatimia, mimi na wewe na hao watatu. Twende tukale."

Kambi alifikiri kidogo. Kisha akauma pindo la leso, akavuta, na leso ikachanika mpaka kiunoni.

"Mbwa wewe!" Zilpah akasema, akainuka, akamfuata.